Gereji ya Wasomaji: Keria Juu ya Kabini

Barua za mwezi huu karibu zote zimepanda juu ya paa. Tumechagua saba. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu, kwa kuwa keria anayoulizia msomaji huyu imejaa barabarani, kuanzia Kangundo Road hadi Waiyaki Way, na nyingi zimeanza kupasuka bila mwenye gari kujua.

Mimi ni fundi wa mabomba, Kawangware. Nina Isuzu D-Max ya kabini moja na nataka keria ya kubebea mabomba ya mita 6 pamoja na ngazi. Mchomeleaji ameniambia ataweka chuma kimoja juu ya kabini, kingine nyuma kwenye bodi, kisha aviunganishe kwa vyuma viwili virefu viwe kitu kimoja imara. Nimpe kazi?

Mpe kazi, lakini kwa mchoro mwingine. Huo alionao utakuharibia gari hata akichomelea vizuri namna gani.

Kabini ya pikapu imekalia chasisi juu ya mipira. Bodi ya nyuma nayo imefungwa kwenye chasisi hiyo hiyo, kivyake. Simama kando ya pikapu yoyote inayopanda tuta kwa gurudumu moja, uutazame mwanya ulio kati ya kabini na bodi: upande mmoja unapanuka, wa pili unabana, halafu vinabadilishana. Mwanya huo umeachwa makusudi ili chasisi ipate nafasi ya kujipinda. Ukiufunga kwa chuma huko juu, chasisi haitaacha kujipinda kwa ajili yako. Itaivuta keria kila shimo na kila tuta, na keria italivuta paa. Bati la paa lina unene usiofika hata milimita moja. Kwanza utaona rangi imepasuka nyufa nyembamba kuzunguka mguu wa keria, kama utando wa buibui. Kisha kutu itachora mstari wa kahawia ndani ya nyufa hizo. Ukifika hapo bati limeshaanza kuchanika, na kuongeza weldi juu yake ni kuhamisha ufa tu kwenda pembeni.

Halafu kuna uzito. Paa nyingi za pikapu zimewekewa kikomo cha kati ya kilo 50 na 100, na keria yenyewe imo katika hesabu hiyo. Kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Sasa piga hesabu: bomba la chuma la maji la inchi moja, urefu wa mita 6, lina karibu kilo 14 na nusu. Kumi ni kilo 145, na ngazi bado iko chini. Mzigo wa namna hiyo hauna haki ya kukaa juu ya kabini hata kidogo.

Mwambie akutengenezee fremu inayosimama kwenye bodi peke yake, na sehemu yake ya mbele ipite juu ya kabini bila kuigusa. Tumia bomba la mraba la milimita 40 kwa 40, unene wa milimita 2. Kila mita ina karibu kilo 2.4. Kwa bodi ya kawaida ya kabini moja, hesabu inakwenda hivi: nguzo nne za sentimita 75, jumla mita 3, vyuma viwili vya kukingama vya mita 1.6 juu ya nguzo hizo na cha tatu juu ya kabini, jumla mita 4.8, vyuma viwili vya pembeni vya mita 3 kila kimoja, jumla mita 6, na vipande sita vya mshazari vya sentimita 40, jumla mita 2.4. Hapo una mita 16.2, yaani mabomba matatu ya mita 6 na kipande cha kubaki, na uzito wa karibu kilo 39. Pima gari lako mwenyewe kabla hajakata. Kimo cha nguzo hutegemea kabini, na vipimo vya gari la jirani havikusaidii.

Chini ya kila nguzo achomelee kitako cha bati la milimita 6, sentimita 10 kwa 10, chenye matundu mawili ya bolti za M10, yaani za unene wa milimita 10. Ukingo wa bodi ni bati lililokunjwa, tupu ndani, kwa hiyo upande wa chini weka bati jingine la milimita 4 au 5 la ukubwa ule ule ili nati zisilibonyeze. Nati ziwe za kujifunga, zile zenye pete ya plastiki ndani. Kitako kisichomelewe kwenye bodi. Ukikichomelea utaunguza rangi upande usiouona, na kutu itaanzia hapo. Tena siku moja utataka kuitoa fremu ubebe tangi la maji.

Vipande vya mshazari ndivyo mafundi wengi hupunguza ili kuokoa chuma, na ndivyo vinavyoshika kazi. Weka viwili kwenye nguzo za mbele vikielekea nyuma, viwili kwenye nguzo za nyuma vikielekea mbele, na viwili chini ya sehemu inayopita juu ya kabini. Bila hivyo fremu itayumba mbele na nyuma kila unapokanyaga breki, na weldi za chini ndizo zitakazochoka. Hakikisha nguzo za nyuma haziuzuii mlango wa bodi kufunguka.

Kati ya fremu na paa acha sentimita 7. Tano zingetosha gari likiwa limesimama, ila kabini huinuka na kushuka juu ya mipira yake, na chuma kinachoning'inia hupinda kidogo kikibebeshwa. Sehemu hiyo inayoning'inia isizidi theluthi moja ya urefu wa fremu nzima. Uzito mkubwa ukae kati ya nguzo. Huko mbele ni pa kuegemeza ncha za mabomba tu. Bomba la mita 6 ni refu kuliko pikapu yenyewe, hivyo litatokeza tu. Funga kitambaa chekundu kwenye ncha ya nyuma, na mbele lisipite bampa.

Jambo la mwisho ni maji. Bomba la mraba lililozibwa vibaya hujaa maji ndani na kuoza kutokea ndani, huku rangi ya nje iking'aa. Ziba ncha zote kwa vifuniko vya plastiki, kisha toboa tundu la milimita 5 upande wa chini wa kila chuma cha kulala. Piga msasa namba 120, paka praima ya kuzuia kutu mara moja na rangi mara mbili. Ukinunua bomba lililopakwa zinki, mchomeleaji aondoe zinki kwa grainda pale anapounganisha na afanyie kazi nje kwenye hewa: moshi wa zinki huleta homa usiku wake.

Nina Hilux ya kabini mbili, Ruaka. Paa ni laini, halina mfereji wala reli, na sitaki kutoboa. Vile vyuma viwili vinavyobana kwenye mlango vinashika kweli?

Vinashika, mradi vimetengenezewa umbo la gari lako. Katika aina hii, mguu una mpira unaokaa juu ya paa na ndoano ya bati inayoingia ndani ya fremu ya mlango. Mpira na ndoano hutofautiana kwa kila modeli. Za Hilux ya 2010 hazikai sawasawa kwenye ya 2018, hata muuzaji akisema “hizi ni za Hilux zote”.

Anza kwa kuosha kingo za paa kwa sabuni, uzikaushe, uzipanguse kwa spiriti. Chembe moja ya mchanga chini ya mpira itakula rangi hadi kwenye chuma. Bandika karatasi nyembamba ya plastiki inayong'aa, ile ya kulinda rangi, pale ndoano itakapogusa fremu ya mlango. Fungua milango yote minne. Weka chuma cha mbele, pima kutoka ukingo wa juu wa kioo cha mbele kama maelezo yanavyosema, kulia na kushoto vipimo vilingane. Weka cha nyuma. Umbali kati ya vyuma usipungue sentimita 60; ukipata 70 na zaidi, ngazi haitacheza. Kisha pima mshazari, kona hadi kona, mara mbili. Vipimo viwili vikitofautiana, vyuma vimekaa upande.

Kukaza kuna adabu yake. Zungusha upande mmoja mara mbili tatu, nenda upande wa pili, rudi, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ukiumaliza upande mmoja kwanza, chuma kizima kitahamia huko. Nguvu inayotakiwa ni ndogo, mara nyingi niutoni-mita 4 hadi 6, nguvu ya vidole vitatu kwenye ufunguo mfupi. Wanaume wenye mikono mizito ndio huharibu hapa: fremu ya mlango inapinda, mlango unaanza kupiga mluzi, na keria inalaumiwa. Funga kila mlango taratibu na uangalie kama raba imebanwa. Rudia kukaza baada ya kilomita 50, tena baada ya barabara mbovu yoyote, kisha kila mwezi.

Kuhusu uzito, kikomo halali ni kile kidogo kuliko vyote: cha paa, cha vyuma, au cha kikapu ulichoweka juu. Paa likiwa la kilo 75, vyuma kilo 6 na kikapu cha chuma kilo 22, umebaki na kilo 47. Mfuko mmoja wa saruji ni 50. Na ukitoka lami kuingia njia ya mawe, punguza mzigo kwa theluthi.

Tahadhari moja: kuna reli za kubandika zinazouzwa kama pambo. Zimeshikwa na gundi ya pande mbili. Hazibebi kitu.

Land Cruiser yangu ya pikapu ina mfereji wa maji kandokando ya paa. Fundi wa Kitengela anasema hiyo ndiyo rahisi kuliko zote. Ni kweli?

Ni kweli. Mfereji umechomelewa mahali ambapo mabati mawili ya paa na ubavu yanakutana, na hapo ndipo kabini ina nguvu. Miguu minne ya kubana inatosha kwa paa fupi. Kabla ya kufunga, pitisha ncha ya bisibisi kwenye mfereji wote ukibonyeza. Ikizama au rangi ikiinuka kama ganda, kuna kutu chini, na mguu utang'oka nao. Weka kipande cha mpira kati ya mguu na mfereji, na usizibe njia ya maji.

Niko Umoja. Fundi alitoboa paa la kabini, akafunga keria kwa skrubu za mabati na silikoni. Mvua ikinyesha, maji yanadondoka kwenye goti la dereva. Nimeongeza silikoni mara tatu.

Usiongeze mara ya nne. Tatizo liko chini ya ile uliyokwisha kuweka.

Skrubu ya bati hushika kwa meno yake, na bati jembamba kama la paa linapata jino moja tu, pengine moja na nusu. Keria ikitikisika, tundu linapanuka na kuwa yai. Silikoni nayo inuse kabla ya kuitumia: ile inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo huanzisha kutu kwenye chuma kilichokwanguliwa. Juu unaona mpira mweupe safi. Chini yake bati linaliwa. Zaidi ya hayo, kupaka juu ya kichwa cha skrubu hakuzibi kitu. Kizibo kinatakiwa kiwe katikati, mguu ukikilalia.

Tundu linalovuja si lazima liwe juu ya goti. Maji huingia popote, hutambaa juu ya dari la ndani kufuata mbavu za paa, huteremka ndani ya nguzo ya kioo cha mbele, ndipo yatokee chini. Mwombe mtu akae ndani na tochi, dari likiwa limeshushwa. Wewe mwagilia kwa mpira wa maji polepole, ukianza na kioo cha mbele na milango, kisha upande kwenye paa, mguu mmoja mmoja, dakika mbili kila mahali. Ukianzia juu, maji yatafika kila mahali na hutajua lolote.

Kutengeneza: ng'oa keria yote. Kwangua silikoni kwa kipande cha plastiki, malizia kwa spiriti, kwa maana rangi haishiki juu ya mabaki yake. Piga msasa kutu mpaka uone chuma cheupe, paka praima, subiri ikauke kabisa. Matundu yaliyoharibika mpe fundi wa bodi ayazibe kwa kiraka na kuyapaka rangi, kisha hamia sehemu mpya, karibu kabisa na ukingo wa paa. Katikati ya paa ni ngoma tupu. Ukingoni kuna ubavu wa kabini.

Kabla ya kutoboa hapo angalia mambo mawili. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana mifuko ya hewa iliyokunjwa pembeni mwa dari, juu ya milango. Kama lako linayo, usitoboe ukingo huo kabisa. Tumia miguu ya kubana. Kama halina, tafuta nyaya za taa ya ndani na uzisogeze. Zungushia utepe wa karatasi wenye gundi kwenye biti ya drili, ncha itokeze milimita 5 tu, ili biti isizame ikishavuka bati. Toboa milimita 9 kwa bolti ya M8. Lainisha kingo za tundu kwa tupa, paka praima hata ndani ya tundu, na ondoa kila chembe ya chuma juu ya paa: asubuhi ya pili chembe hizo huwa madoa ya kutu.

Ndani, weka bati la milimita 3, sentimita 6 kwa 6, chini ya kila nati. Juu, chora pete ya gundi ya poliurethani yenye unene wa milimita 5 kuzunguka tundu, laza mguu, kaza mpaka gundi ichungulie pande zote, kisha acha. Gundi hiyo hukauka kama milimita 3 kwa siku. Kesho yake ndipo ukaze mwisho. Ukikaza yote siku ya kwanza, utaikamua gundi yote nje na kubaki na chuma juu ya chuma.

Syokimau. Nikiingia Expressway keria inapiga mluzi mpaka siskii redio. Nikiwa kwenye foleni Mombasa Road, kimya.

Kwenye foleni hakuna upepo. Kwanza tazama ncha za mabomba: zikiwa wazi, ni filimbi, zizibe. Mluzi ukibaki, chukua kamba nyembamba, unene wa kama milimita 6, uizungushe kwenye chuma cha mbele kama nyoka kwenye mti, mzunguko mmoja kila sentimita 10, ufunge ncha zote mbili. Upepo unapopita chuma laini hukatika kwa mpigo mmoja chuma kizima, na mpigo huo ndio sauti. Kamba inauvuruga. Haipendezi macho, lakini haina gharama. Na kama hubebi kitu kwa mwezi mzima, ishushe keria. Matumizi ya mafuta nayo yatashuka.

Nimenunua plaiwudi tano Gikomba. Nimefunga kamba mbili kukatiza juu. Inatosha hadi Thika?

Haitoshi. Karatasi ya plaiwudi ya futi 4 kwa 8 ina karibu mita 3 za mraba. Kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, upepo husukuma kwa nguvu ya karibu kilo 30 kwa kila mita ya mraba. Ukipata njia ya kuingia chini ya karatasi, unainua kama bawa, na nguvu inaweza kukaribia kilo 90. Kamba za kukatiza huzuia mzigo usiende pembeni, ila hazizuii ncha ya mbele kuinuka. Funga ya tatu kutoka ncha ya mbele kushuka hadi kwenye ndoano za bampa, kulia na kushoto, iwe kama herufi V. Hivyo hivyo nyuma. Tumia mikanda ya racheti, na mkanda unaopigwa na upepo upindue mara moja ili usivume. Pale mkanda unapopita kona ya plaiwudi weka kipande cha kadibodi, la sivyo utasagika. Simama baada ya kilomita kumi ukaze upya, kwa kuwa mzigo hujipanga na mikanda hulegea. Tena, plaiwudi tano zingelala vizuri zaidi kwenye bodi.

Nikiweka keria nitaingia maegesho ya chini ya majengo mjini?

Hilux nyingi za kabini mbili zina kimo cha takriban mita 1.8. Keria ya sentimita 20 inakufikisha mita 2. Pima kutoka chini hadi kitu cha juu kabisa, matairi yakiwa na upepo na bodi ikiwa tupu, kwani gari tupu ndilo refu zaidi. Andika namba hiyo kwenye kipande cha utepe wa gundi ukibandike karibu na usukani, na uilinganishe na ile iliyoandikwa kwenye chuma cha mlangoni kabla hujachukua tiketi.